Kipaza Sauti ni Kipi? Istilahi za Ufundi wa Sauti Mbele ya Mwanagenzi

Istilahi hupimwa kwa njia nyingi. Wako wanaozipima kwa ufupi wake, wako wanaotazama asili yake, na wako wanaouliza kama zanyambulika vizuri au la. Vipimo hivyo vyote vina manufaa, nasi hatukusudii kuvibeza. Lakini kipo kipimo kimoja ambacho, kwa maoni yetu, hakijapewa nafasi inayostahili katika kazi ya kusanifisha maneno ya ufundi, nacho ni kumtazama mwanagenzi katika juma lake la kwanza kazini. Je, akiambiwa neno, anajua mkono wake uende wapi? Katika makala haya twataka kuzipima kwa kipimo hicho istilahi za fani moja tu, yaani ufundi wa sauti: kazi ya kunasa sauti, kuisawazisha na kuipaza, iwe studioni, redioni au uwanjani.

Fani hii tumeichagua kwa makusudi. Hapana wilaya yenye umeme ambayo haina vijana wanaoifanya. Harusi, mihadhara, misikiti, makanisa, mikutano ya siasa, redio za jamii na studio za muziki zote zinawahitaji. Na wengi wao hawakuisomea darasani. Walikaa na fundi, wakakunja nyaya zake, wakabeba masanduku yake, wakasikiliza maneno yake. Fundi huyo huzungumza Kiswahili, na mwanagenzi wake huelewa Kiswahili. Kwa hiyo neno analolitamka fundi ndicho kitabu pekee alicho nacho kijana yule, na likiwa na kasoro, hana kitabu kingine cha kulisahihishia.

Yafaa tuanze na jambo tuliloliona kwa macho yetu. Miaka michache iliyopita tulikaribishwa katika studio moja ya kunasia muziki, ambayo hatutaitaja jina. Alikuwapo kijana wa miaka 19 aliyekuwa amepokewa kama mwanagenzi siku nne tu kabla ya hapo. Mwimbaji alipomaliza, fundi alitaka maikrofoni ihamishwe, akamwambia kijana: "Zima kipaza sauti, halafu chomoa waya." Kijana akatii. Siku moja kabla alikuwa ameonyeshwa kitufe kilichoandikwa 48, ambacho hupeleka umeme wa volti 48 kwa njia ya waya hadi kwenye maikrofoni za aina fulani zisizoweza kufanya kazi bila ya umeme huo, naye aliambiwa kwamba hicho ndicho "kinachowasha kipaza sauti". Basi alikibonyeza kitufe kile, na mara hiyo hiyo akauchomoa waya. Kumbe fundi alikuwa na maana ya spika mbili kubwa zilizokuwa ukutani, ambazo bado zilikuwa zimefunguliwa kwa nguvu. Ulitoka mlio kama wa bunduki, na kile kipande kidogo cha spika kinachotoa sauti nyembamba kikaungua. Gharama yake ilikatwa katika posho ya kijana kwa miezi miwili. Fundi alisema kwamba kijana yule hasikilizi.

Sisi twasema kwamba alisikiliza kupita kiasi. Alilichukua neno kwa maana aliyofundishwa jana, akalitekeleza leo. Kosa lilikuwa ndani ya neno lenyewe, na neno hilo si la fundi yule peke yake. Limo katika magazeti, katika vitabu vya shule na katika matangazo ya serikali, na sote tunalitumia bila ya kulihoji.

Tulichambue kidogo. Kitenzi *paza* ni cha kusababisha, kutokana na *paa*, yaani kwenda juu. Kupaza sauti ni kuifanya sauti ipande. Sasa katika safu ya vyombo vya sauti, ni kipi hasa kinachoipandisha? Si maikrofoni, kwa kuwa kazi yake ni kuipokea mitetemo ya hewa na kuigeuza kuwa umeme hafifu mno, pengine sehemu chache tu kati ya elfu za volti 1. Wala si spika, ambayo kazi yake ni kinyume cha hiyo, kuupokea umeme na kuurudisha kuwa mitetemo ya hewa. Chombo kinachopaza kwa maana halisi ya kitenzi ni amplifaya, iliyokaa kimya katikati ya hivyo viwili, na ambayo hatujamsikia mtu yeyote akiiita kipaza sauti. Yaani neno hili tumewapa wawili wasiolistahili, tukamnyima mmoja anayelistahili. Mbunge huambiwa awashe kipaza sauti, na hapo maana yake ni maikrofoni. Jirani hulalamikia kipaza sauti cha ukumbi wa harusi kinachomnyima usingizi, na hapo maana yake ni spika. Msikilizaji wa kawaida hapati taabu yoyote, kwa sababu mbunge hawezi kuiwasha spika ya ukumbini wala jirani hawezi kukoseshwa usingizi na maikrofoni. Muktadha humsaidia. Lakini fundi anavyo vyote viwili mbele yake, katika chumba kimoja, vimeungwa kwa waya mmoja, na muktadha haumsaidii neno.

Hapa ndipo tunapoiona asili ya tatizo. Maneno yetu mengi ya fani hii yalizaliwa upande wa wasikilizaji. Tukumbuke kwamba Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kuimba katika santuri za His Master's Voice. Wakati huo njia ya kunasa sauti kwa umeme, iliyoanza kutumika mwaka 1925, ilikuwa imekwisha kuenea. Chombo cha kunasia kilibaki ng'ambo pamoja na mafundi wake, na kilichorudi pwani kilikuwa ni santuri na gramafoni. Kwa hiyo Kiswahili kilipata neno zuri la sahani ile nyeusi, neno lililotoka katika jina la kinanda, lakini hakikupata haja ya kukitaja chombo kilichokuwa mbele ya kinywa cha mwimbaji. Redio nayo ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, ilileta maneno yake kwa njia ya msikilizaji vilevile: mawimbi, masafa, matangazo, kituo, idhaa. Hayo yote ni maneno ya mtu aliyekaa barazani akizungusha kitufe. Mafundi walikuwapo studioni, na walifanya kazi kubwa. Katika miaka ya 1970 bendi kama NUTA Jazz, na baadaye Mlimani Park Orchestra iliyoundwa mwaka 1978, zilinaswa katika studio za Radio Tanzania kwa utepe, wapigaji wote wakipiga kwa pamoja, na msawazo wa magitaa, tarumbeta na waimbaji ukifanywa papo hapo kwa sikio na kwa kuwapanga watu chumbani. Ujuzi ulikuwapo, na maneno ya ujuzi huo bila shaka yalikuwapo pia midomoni mwa wenyewe. Ila hatukuyakusanya.

Tusidhani kwamba kipaza sauti ni mkosaji wa pekee. Neno *masafa* lina hatari zaidi, kwa sababu linaheshimika. Kwa asili ni umbali: twasema safari ya masafa marefu, mkimbiaji wa masafa mafupi. Watangazaji wakalichukua kwa urefu wa mawimbi, wakasema masafa mafupi na masafa ya kati, nalo likakubalika, maana wimbi nalo lina urefu wake. Kisha likateleza hatua moja zaidi, likawa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Leo hii vituo hutangaza masafa yao kwa tarakimu, na watu huelewa. Katika studio, hata hivyo, maana zote mbili hukutana katika jambo moja ambalo kila mwanagenzi lazima alijue mapema. Maikrofoni inayosikia upande mmoja tu ina tabia hii: mwimbaji akiisogelea sana, sehemu nzito ya sauti yake huzidi, na akijitenga nayo hupungua. (Ile inayosikia pande zote haina tabia hiyo, na tofauti hii nayo ni ya kufundishwa.) Fundi anayetaka kulieleza jambo hili kwa istilahi zilizopo atasema: "Ukipunguza masafa, masafa ya chini yataongezeka." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi wala la fizikia. Tulimsomea mwalimu mmoja wa Kiswahili mwenye miaka mingi kazini, akatuomba tuirudie mara tatu, kisha akatuuliza kama ni kitendawili.

Na tazama jinsi lugha ya kila siku inavyolimaliza jambo lile lile bila jasho. Waswahili hawajapata kukosa maneno ya kueleza sauti ya binadamu. Mwanamume fulani ana sauti nzito, binti fulani ana sauti nyembamba. Basi fundi na aseme: "Ukipunguza umbali, uzito wa sauti utaongezeka." Mtoto wa darasa la nne ataelewa. Na ikihitajika hesabu, neno *mitetemo* lipo: sikio la kijana mzima husikia toka mitetemo kama 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na kila mtetemo ni kitu anachoweza kukigusa kwa kidole juu ya wambo wa ngoma. Masafa na yaachiwe wenye redio, ambao wamekwisha kuyazoea.

Hapa ndipo tunapotofautiana na baadhi ya wenzetu wanaodhani kwamba fani hii ni ya kigeni, na kwa hiyo Kiswahili hakina la kuipa. Chombo ni cha kigeni, lakini sauti si ya kigeni. Jamii iliyopiga ngoma, marimba, siwa, zumari na udi kwa karne nyingi ina sikio lililofundishwa, na sikio hilo lina msamiati. Chukua *kupasuka*. Fundi anapozidisha nguvu ya sauti inayoingia kiasi kwamba chombo kinashindwa kuibeba, sauti hukatika ncha zake na kukwaruza. Vijana katika studio zote tulizozitembelea husema "sauti imepasuka", wala hawakufundishwa na kamati yoyote. Wamelitoa mahali methali ilipolitoa, kwamba ngoma ivumayo sana hupasuka. Chukua pia *mwangwi* na *mvumo*. Sauti ikigonga ukuta ulio mbali, tuseme mita 17 au zaidi, hurudi baada ya muda wa kutosha sikio kuitenga na ile ya kwanza, na huo ni mwangwi. Katika chumba kidogo chenye kuta tupu na sakafu ya vigae sauti hurudi toka pande zote kwa haraka mno, zikaungana na kuendelea baada ya mwimbaji kunyamaza. Huo si mwangwi. Ni mvumo, na kila aliyeimba bafuni anaujua. Wapo wanaoyatumia maneno hayo mawili kana kwamba ni pacha, na matokeo yake ni kwamba mwanagenzi anaambiwa aondoe mwangwi katika chumba ambacho hakina mwangwi hata kidogo.

Mfano mwingine ni ule ukelele unaotoka pale sauti ya spika inapoingia tena katika maikrofoni, ikapazwa, ikatoka, ikaingia tena, hadi ukumbi mzima unaziba masikio. Tumeona mahali pamoja jambo hili likiitwa *mrejesho*. Kwa maana ya neno moja moja haikosewi, kwa kuwa kweli kuna kitu kinachorejea. Lakini mrejesho umekwisha kuwa neno la mikutano na semina, maana yake maoni anayorudishiwa mtu baada ya kazi yake. Mwanagenzi akiandika katika daftari lake kwamba shughuli iliharibika kwa sababu ya mrejesho mwingi, msomaji atadhani wageni walilalamika. Mafundi wa harusi wanasema maiki "inapiga mluzi". Hilo latosha. Kadhalika wako wanaoiita sauti isiyotiwa mvumo "sauti kavu", kwa kufuata lugha nyingine, wakisahau kwamba kwetu kuimba kwa sauti kavu ni kuimba bila ya vyombo.

Kutokana na hayo tumejijengea kanuni, nasi twaitoa mbele ya wasomaji ili ikosolewe. Vyombo vikopeshwe majina, lakini tabia za sauti zitajwe kwa Kiswahili. Maikrofoni iitwe maikrofoni, na amplifaya amplifaya. Spika iitwe spika, hata kama Bunge nalo lina Spika wake. Hao wawili hawataingia katika sentensi moja isipokuwa kwa fundi wa sauti wa Bunge, ambaye tunaamini atajua yupi wa kumzima. Kipaza sauti kibaki kwa umma, kwa maana ya seti nzima ya vyombo vya kupazia, kama kinavyotumika katika vibali vya mikutano. Najua wako watakaotuambia kwamba tumesalimu amri mapema, na kwamba ingefaa tuunde *kipokea sauti* kwa maikrofoni. Neno hilo tulilifikiria. Lakini magazeti yamekwisha kulitumia kwa vile vinavyovaliwa masikioni, na tungekuwa tumetoka shimo moja na kuingia jingine. Jina la chombo ni kibandiko tu, na hapana hasara kubwa kikiwa cha kukopa. Hasara iko pale kijana anaposhindwa kueleza kwa lugha yake kile anachokisikia, kwa maana kusikia ndiyo kazi yenyewe.

Kanuni yetu ina matundu, nasi hatuyafichi. Kile kidude cha kusukuma juu na chini kwenye meza ya kuchanganyia sauti, kikikopwa, chaitwa *feda*, na katika studio ambapo malipo hucheleweshwa neno hilo limekwisha kuleta utani usiokwisha. Twapendekeza *kitelezi*. Tena kuna amri ya "ongeza sauti", ambayo yaweza kuwa na maana tatu: kuongeza geini pale sauti inapoingia, kukisukuma kitelezi pale inapochanganywa, au kufungua spika pale inapotoka. Ya kwanza ikizidi, sauti inapasuka na hapana dawa baadaye. Ya pili ikizidi, hurekebishwa. Ya tatu ikizidi, yanaumia masikio ya waliomo chumbani. Na masikio hayo ndiyo mtaji wa kijana. Kiwango kinachoshauriwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka muda huo hupungua kwa nusu, kiasi kwamba kwenye desibeli 94 imebaki saa 1. "Sauti kubwa" haimwambii kijana lolote juu ya hayo. Amri moja yenye maana tatu katika fani kama hii si uchache wa maneno tu, ni hatari ya kazini.

Tugeukie sasa majina ya watu. Msikilizaji wa redio amezoea kusikia mwishoni mwa kipindi jina la mtangazaji na jina la fundi mitambo. Jina hilo lina heshima yake, lakini limetanuliwa mno. Anayetunza mtambo wa kurushia matangazo mlimani ni fundi mitambo. Anayeketi studioni akisawazisha sauti, ni yeye. Anayetandika nyaya uwanjani, ni yeye pia. Kijana akisema anataka kujifunza ufundi mitambo, hatujui kama apelekwe kwa mwenye mnara au kwa mwenye maikrofoni.

Kwamba majina ya ngazi si pambo, twaweza kujifunza kwa studio za kampuni ya EMI huko London, zilizofunguliwa mwaka 1931 katika barabara ya Abbey Road. Geoff Emerick aliingia pale Septemba 1962 akiwa na miaka 16. Hakuanza kwa kugusa meza ya kuchanganyia. Alikuwa msaidizi wa kuendesha mashine ya utepe, akapandishwa kwenda kukata santuri, na Aprili 1966, akiwa na miaka 20, akawa msawazishaji wa sauti wa The Beatles. Kila ngazi ilikuwa na jina lake na mipaka yake, na kila aliyekuwa juu alikuwa amepita chini. Katika nafasi hiyo mpya Emerick aliisogeza maikrofoni karibu na ngoma kubwa kuliko kanuni za studio zilivyoruhusu, kwa kuwa wakubwa walichelea msukumo wa hewa ungeiharibu. Hatusemi kwamba mwanagenzi avunje kanuni. Tunasema kwamba aliyeweza kuivunja kwa manufaa ni yule aliyekuwa ameelezwa kwa maneno kamili kanuni hiyo inalinda nini.

Jina la cheo chake lastahili kuangaliwa, maana lilitokana na mizani, yaani kusawazisha. Sisi tungependa *msawazishaji* liingie katika orodha zetu. (*Mizani* yenyewe tungeiogopa kidogo, kwa kuwa washairi wamekwisha kuishika na hawana desturi ya kurudisha.) Lakini kuna jina jingine linalozidi kuenea ambalo twalipinga, nalo ni *mhandisi sauti*. Limetafsiriwa moja kwa moja kutoka lugha ambayo neno lake la mhandisi ni legevu, lamhusu mjenzi wa daraja na hata dereva wa gari la moshi. Kwetu neno hilo halikulegea. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 nchini Tanzania imeufanya uhandisi kuwa taaluma ya waliosajiliwa. Kumwita mhandisi kijana aliyetoka kwa fundi wake mwaka jana ni kumpa koti atakalovuliwa hadharani.

Na kwa nini alitamani koti hilo? Kwa sababu tumelidharau neno *fundi*. Twamwita fundi anayetengeneza bomba linalovuja na tukadhani basi ni neno dogo. Mzizi wake ni ule ule wa *funda*, *mafunzo*, *mwanafunzi* na *mkufunzi*. Fundi ni mtu aliyeijua kazi kiasi cha kuweza kumfunda mwingine. Wajerumani, ambao hatuwezi kuwashuku kwa kudharau elimu, humwita mtu wa kazi hii *Tonmeister*, yaani bingwa au fundi mkuu wa sauti, na tangu mwaka 1949 wamekuwa wakifundisha kazi hiyo kwa jina hilo katika chuo cha muziki cha mjini Detmold, ambako mwanafunzi hutakiwa ajue muziki na fizikia kwa pamoja. Hawakuona haya kwa jina la ufundi. *Fundi sauti* latosha, na kwa aliyekomaa, *fundi mkuu wa sauti*.

Kuhusu mwanagenzi mwenyewe hatuna maneno mengi, maana hapa Kiswahili kimekwisha kutenda vyema. Serikali ya Tanzania sasa inaandika "mafunzo ya uanagenzi" katika mipango yake, na neno hilo la zamani limepata uhai mpya. Twaomba tu lisichanganywe na *saidia fundi* wa kwenye majengo wala na *utingo* wa lori. Hao ni wasaidizi, na wanaweza kubaki wasaidizi hadi uzee bila ya mtu kuvunja ahadi. Mwanagenzi ameahidiwa kitu. Anayemwita kijana mwanagenzi akamtumia kama utingo, akimtuma chai na kumbebesha masanduku mwaka mzima bila ya kumketisha mezani, amevunja mkataba uliomo ndani ya neno.

Lililobaki ni la utaratibu, na hapa lawama inaturudia sisi wenyewe tunaoandika katika kurasa kama hizi. Desturi yetu ni kuziorodhesha istilahi kwa alfabeti. Mpango huo unamfaa mfasiri aliyeketi na neno moja gumu. Haumfai mtu anayejifunza kazi, kwa kuwa alfabeti huyatenga maneno yenye undugu, na huyaweka jirani yale yasiyo na undugu. Orodha ya ufundi wa sauti ingefaa ifuate njia ya sauti yenyewe: kinywa, hewa, maikrofoni, waya, geini, kitelezi, amplifaya, spika, chumba, sikio. Ikipangwa hivyo, neno lenye maana mbili litajifichua lenyewe, maana litadai kukaa mahali pawili. Kipaza sauti kisingepita hata siku moja.

Aidha, kabla orodha haijachapishwa, ingefaa isomwe kwa sauti katika studio, fundi akitoa amri kwa maneno yaliyomo na mwanagenzi akizitekeleza, nasi tukiwa kando na kalamu. Tulijaribu jambo hilo kwa siku moja tu, kwa orodha yetu wenyewe ya maneno 31. Saba yalianguka kabla ya saa sita mchana, mawili kati yake tukiwa tumeyapenda sana. Neno moja hatukuweza kulipata hadi jioni: ile nafasi anayoiacha fundi kati ya nguvu ya kawaida ya sauti na kiwango ambapo itapasuka, ili mwimbaji akipandisha ghafla pawe na mahali pa kupandia. Tulikuwa tumeandika *upeo wa juu wa ziada*. Fundi alilisoma, akanyamaza, akasema yeye huiita akiba. Tukaifuta yetu.